Jinsi ya Kutambua Kemshafti Usiyoijua Ndani ya Injini Iliyopandishwa Nguvu

Injini iliyopita mikononi mwa mafundi kadhaa hupoteza mambo mengi, na la kwanza kupotea huwa ni karatasi ya vipimo vya kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Gari linauzwa mara moja, mara mbili, na mwenye gari wa tatu anabaki na maneno matupu: "Hii ina kem kubwa." Kubwa kiasi gani? Springi zake za valvu ziwe ngumu kiasi gani? Valvu zinapita umbali gani kutoka kwenye kichwa cha pistoni? Mafuta na moto visetiwe vipi? Hakuna hata swali moja hapo linalojibiwa na neno "kubwa".

Mwongozo huu unakutoa kwenye uvumi na kukufikisha kwenye vipimo. Nasema mapema msimamo wangu, kwa sababu ndio unaoongoza kila hatua: namba iliyogongwa kwenye chuma ni fununu, vipimo ndio ushahidi. Watu hupoteza wiki nzima wakitafuta jina la kemshafti, ilhali kazi ya siku moja ya kupima ingewapa kila wanachohitaji, hata kama jina lisingepatikana kamwe.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Nundu ni lile jicho la kemshafti linalosukuma tapeti, kile kipande kinachokaa juu ya nundu na kupokea msukumo wake. Sehemu yake ya duara, isiyosukuma kitu, nitaiita duara la msingi. Mnyanyuo ni umbali ambao nundu inainua tapeti, au ambao valvu inafunguka. Hivi ni vitu viwili tofauti kwenye injini yenye roka, yaani mkono unaopokea msukumo upande mmoja (mara nyingi kupitia fimbo iitwayo pushirodi) na kuibonyeza valvu upande wa pili. Muda wa kufunguka hupimwa kwa digrii za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kitovu cha nundu ni pale nundu inapofikia kilele, na pembe kati ya nundu ni umbali wa kitovu cha nundu ya kuingiza hadi kitovu cha nundu ya kutoa, ukihesabiwa kwa digrii za kemshafti yenyewe. Kumbuka kwamba krenki huzunguka mara mbili kila kemshafti inapozunguka mara moja. Anayesahau hilo huharibu hesabu yote.

Topu ni pale pistoni inapofika juu kabisa. Botomu ni inapofika chini kabisa.

Hatua ya 1: Isikilize na uipime kabla ya kuifungua

Kama injini inawaka, iache ipate joto, kisha unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingiza. Injini ya kawaida yenye afya, karibu na usawa wa bahari, ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) huonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki. Kemshafti yenye muda mrefu wa kufunguka mara nyingi hushusha mshale hadi kati ya 10 na 14, na za mashindano hushuka zaidi ya hapo. Ukiwa nyanda za juu, punguza viwango hivyo takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko kabla ya kuamua lolote.

Usikimbilie kuhukumu kwa mlio. Mngurumo wa kuyumbayumba unaopendwa na wengi unaweza kutoka kwenye kemshafti, lakini pia kwenye gasketi ya manifoldi inayovuta hewa, au valvu isiyokaa vizuri. Kompresheni nayo hudanganya: kemshafti kubwa huchelewa kufunga valvu ya kuingiza, hivyo unapozungusha kwa stata sehemu ya hewa inarudi ilikotoka na geji inasoma chini hata kama ringi ni nzima. Ndiyo maana ukikuta kompresheni ndogo iliyo sawa kwenye silinda zote, fanya na kipimo cha uvujaji wa silinda kabla ya kuilaumu pistoni. Uvujaji ukiwa mdogo na kompresheni ikawa ndogo, kemshafti inakuwa mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya 2: Soma chuma

Ukiondoa kifuniko cha mbele au cha nyuma cha kemshafti, tazama ncha zake. Safisha kwa petroli na kitambaa. Usitumie brashi ya waya, maana maandishi mengine huchorwa kwa kina kidogo sana. Piga picha mwanga ukitokea pembeni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna maandishi ya aina mbili. Namba zilizoinuka kati ya nundu zilitoka kwenye kalibu wakati chuma kinamiminwa, na zinatambulisha kipande ghafi tu. Kipande kimoja ghafi kinaweza kusagwa kuwa kemshafti nyingi zenye tabia tofauti kabisa. Namba zilizogongwa au kuchorwa kwenye ncha baada ya kusagwa ndizo zenye maana, kwa sababu mara nyingi hueleza namba ya bidhaa na aina ya usagaji. Mfano: kwenye kemshafti ya Comp Cams yenye maandishi XE268H-10, 268 ni muda wa kufunguka unaotangazwa kwa upande wa kuingiza, H ni hidroliki (tapeti inayojirekebisha yenyewe kwa oili, tofauti na tapeti ngumu), na 10 ya mwisho inamaanisha pembe ya digrii 110 kati ya nundu. Kwenye kemshafti nyingi za Japani za kupandisha nguvu utakuta namba kama 256, 264 au 272. Hizo nazo ni muda wa kufunguka.

Kama ncha ni tupu, au kuna namba iliyosagwa nusu, kuna uwezekano mkubwa kemshafti hiyo ilisagwa upya. Dalili nyingine ya usagaji upya ni duara la msingi kuwa dogo kuliko la kemshafti ya kiwandani ya injini hiyo hiyo: msagaji hawezi kuongeza chuma juu ya nundu kirahisi, kwa hiyo hupata mnyanyuo kwa kupunguza chini. Hapo utakuta pushirodi ndefu au shimu nene kuliko kawaida.

Angalia pia umbo. Nundu za tapeti bapa zina mteremko mdogo sana wa upande kwa upande ili tapeti izunguke, na kilele chake huwa chembamba. Nundu za rola ni tambarare upande kwa upande, na kilele ni kinene na cha mviringo zaidi. Tapeti zenyewe zitathibitisha. Zikitoka, ziwekee alama moja moja. Tapeti bapa iliyokwisha kutumika lazima irudi kwenye nundu ile ile, la sivyo itailia nundu.

Na kama injini ina distribyuta inayoendeshwa na kemshafti, kagua meno ya gia. Kemshafti ya feleji iliyochongwa kutoka kwenye kipande kizima, kama zilivyo nyingi za rola ngumu, haipatani na gia ya kawaida ya chuma cha kumimina. Huhitaji gia ya bronzi (shaba iliyochanganywa na metali nyingine) au ya plastiki ngumu.

Hatua ya 3: Vifaa

Sahani ya digrii, na iwe kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Daili geji yenye safari ya angalau mm 15 na kishikio kisichotikisika. Kizuizi cha pistoni kinachoingia kwenye tundu la plagi. Waya mgumu wa kutengenezea mshale. Kalipa au maikromita. Spana ndefu ya kuzungushia krenki kwa bolti ya puli. Kalamu na daftari, si kumbukumbu ya kichwa.

Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, na ondoa terminali ya betri. Stata haihusiki na kazi hii hata kidogo: kizuizi kikiwa ndani ya silinda, stata itatoboa pistoni.

Hatua ya 4: Tafuta topu ya kweli

Alama ya kiwandani kwenye puli haitoshi. Raba ya puli huteleza kwa miaka, na injini iliyobadilishwa inaweza kuwa na puli ya injini nyingine.

Funga sahani kwenye krenki, weka mshale karibu na sifuri pistoni ya kwanza ikiwa juu kwa kukadiria, kisha shusha pistoni na ufunge kizuizi. Zungusha polepole hadi pistoni iguse kizuizi, andika digrii. Rudi upande wa pili hadi iguse tena, andika. Tuseme umepata 32 upande mmoja na 40 upande wa pili. Wastani ni 36, kwa hiyo sogeza mshale digrii 4 mpaka pande zote mbili zisome 36. Sasa sifuri ya sahani ni topu ya kweli. Rudia mara mbili. Ukiona namba zimebadilika, kuna kitu kimelegea.

Kuanzia hapa zungusha injini kwa mwelekeo wake wa kazi tu. Injini nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukizitazama upande wa puli, ila zipo kama Honda za familia ya B zinazozunguka kinyume. Ukipitiliza alama, rudi nyuma robo mzunguko kisha uje tena, ili ulegevu wa cheni uwe upande mmoja kila mara. Uvivu katika jambo hili ndio unaozaa makosa ya digrii mbili au tatu, na digrii tatu zinatosha kukupeleka kwenye kemshafti isiyo yako.

Hatua ya 5: Chukua vipimo

Kwenye injini ya pushirodi, ondoa roka za silinda ya kwanza na uweke ncha ya daili geji juu ya pushirodi. Bila springi ya valvu kuikandamiza, tapeti ya hidroliki haitazama, hivyo unasoma nundu yenyewe. Ukitaka kupima kwenye valvu huku tapeti za hidroliki zikiwa kazini, weka tapeti ngumu na springi laini za kupimia, vinginevyo tapeti itanywea na kukupa namba ndogo.

Geji ilingane na pushirodi, isikae mshazari. Mshazari wa digrii 10 hukosesha asilimia 1.5; wa digrii 20 hukosesha asilimia 6.

Zungusha hadi tapeti iwe kwenye duara la msingi, seti geji sifuri, kisha zungusha polepole. Kwa nundu ya kuingiza, andika digrii za sahani katika vituo hivi, wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka: mm 0.15 (inchi 0.006), mm 0.51 (inchi 0.020), mm 1.27 (inchi 0.050) na mm 5.08 (inchi 0.200). Andika na mnyanyuo wa juu kabisa. Fanya hivyo hivyo kwa nundu ya kutoa.

Kwa nini vituo vingi? Kwa sababu kemshafti mbili zinaweza kulingana kabisa kwenye mm 1.27 na zikatofautiana sana kwenye 5.08. Moja inafungua valvu kwa pupa, nyingine kwa upole. Tofauti hiyo ni kama alama ya kidole, na ndiyo itakayotenganisha watengenezaji wawili wenye bidhaa zinazofanana.

Kilele cha nundu ni kipana, hivyo usijaribu kukiona kwa macho. Chukua digrii mbili zenye mnyanyuo sawa, moja kabla ya kilele na moja baada yake, kisha tafuta katikati. Hapo ndipo kitovu kilipo.

Kama kemshafti iko mezani nje ya injini, kalipa inaweza kukupa mnyanyuo wa haraka: urefu wa nundu kutoka mgongoni hadi kileleni, toa kipenyo cha duara la msingi. Pembe kati ya nundu pia hupatikana ukiilaza kwenye vitalu vya V na kuifunga sahani. Lakini jinsi ilivyokuwa imekaa ndani ya injini hutaipata tena, kwa hiyo ukiweza, pima kabla ya kuitoa.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuchukue mfano wa Chevrolet V8 ya bloku ndogo, yenye roka za uwiano wa 1.5. Kwenye mm 1.27 tumesoma hivi:

Kuingiza: inafunguka digrii 6 kabla ya topu, inafunga 38 baada ya botomu. Mnyanyuo wa nundu mm 8.08.
Kutoa: inafunguka digrii 49 kabla ya botomu, inafunga 1 baada ya topu. Mnyanyuo wa nundu mm 8.13.

Muda wa kufunguka kwa kuingiza ni 6 + 180 + 38 = 224. Kwa kutoa ni 49 + 180 + 1 = 230. Kitovu cha kuingiza ni nusu ya 224 ukitoa 6, yaani 106 baada ya topu. Kitovu cha kutoa ni nusu ya 230 ukitoa 1, yaani 114 kabla ya topu. Jumlisha 106 na 114, gawa kwa mbili: pembe kati ya nundu ni 110. Kwa kuwa kitovu cha kuingiza kiko 106 badala ya 110, kemshafti imefungwa ikiwa imewahishwa digrii 4. Mwingiliano, yaani kipindi ambacho valvu zote mbili ziko wazi, ni 6 + 1 = 7 kwa kipimo hicho.

Mnyanyuo wa valvu: 8.08 × 1.5 = mm 12.12, na 8.13 × 1.5 = mm 12.2. Kwa tapeti ngumu, toa na nafasi ya roka, yaani upenyo unaoachwa kati ya roka na valvu.

Uwiano wa roka uhakikishe kwa kupima, maana injini iliyobadilishwa inaweza kuwa na roka za 1.6 pale kiwanda kilipoweka 1.5. Pima mnyanyuo kwenye pushirodi na kwenye valvu, kisha gawanya.

Hatua ya 7: Linganisha na orodha za watengenezaji

Namba za mfano wetu, zikibadilishwa kuwa inchi, ni 224/230 kwenye 0.050, mnyanyuo wa 0.477 na 0.480, pembe 110, kitovu 106. Ni vipimo vya XE268H ile ile niliyoitaja. Ukisoma pia karibu digrii 268 kwenye inchi 0.006 upande wa kuingiza, shaka inapungua sana.

Linganisha vipimo vilivyochukuliwa katika kituo kimoja. Wamarekani wengi hutumia inchi 0.050 za mnyanyuo wa tapeti, Ulaya na Japani utakutana sana na mm 1, na ule muda mrefu unaotangazwa kwenye boksi huwa na kituo chake kwa kila mtengenezaji. Ukilinganisha 224 ya mmoja na 268 ya mwingine utadhani ni kemshafti mbili, kumbe ni moja.

Pembe kati ya nundu ipe uzito mkubwa kuliko mnyanyuo. Kwenye kemshafti moja yenye nundu zote, pembe hiyo imesagwa ndani ya chuma na hakuna fundi awezaye kuibadilisha kwa gia. Mnyanyuo peke yake hauthibitishi kwamba injini imebadilishwa: LS7 ya General Motors ilitoka kiwandani na mnyanyuo wa valvu wa takriban mm 15, namba ambayo kwenye injini nyingine ungeiita ya mashindano.

Tofauti ya digrii moja au mbili na orodha ni ya kawaida. Ikizidi hapo, rudia topu kabla ya kuilaumu kemshafti.

Mitego inayostahili muda wako

Uchakavu. Pima mnyanyuo wa nundu zote, si wa silinda ya kwanza tu. Nundu za aina moja zinapaswa kupishana kwa sehemu ndogo za mia za milimita. Nundu moja ikiwa chini kwa mm 0.1 au zaidi imeliwa, na kama ndiyo uliyopima ungetafuta kemshafti isiyokuwepo. Kumbuka pia kwamba unga wake wa chuma umeshasambaa kwenye oili.

Zamu za kuwaka. Kemshafti ndiyo inayoamua silinda ipi ifuate ipi. Ford 302 za zamani huwaka 1-5-4-2-6-3-7-8, lakini 5.0 HO kuanzia 1982 hutumia zamu za injini nyingine ya Ford, 351W, yaani 1-3-7-2-6-5-4-8. Kwenye Chevrolet za mashindano kuna kemshafti zinazobadilishana silinda ya 4 na ya 7. Zungusha injini kwa mkono na uandike mfuatano wa valvu za kuingiza zinavyofunguka, silinda baada ya silinda. Dakika kumi hizo zitakuokoa na injini inayopiga mashuti kwenye kabureta bila sababu unayoiona.

Kemshafti mbili juu. Hapa pembe kati ya nundu hubadilika ukigeuza gia yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo haikutambulishi kemshafti. Tegemea muda wa kufunguka, mnyanyuo na umbo kwenye vituo vinne. Kama kuna gia za kurekebisha, piga picha alama zake kabla ya kugusa. Kwenye injini yenye kibadilisha taimingi, pima kikiwa kimejifunga kwenye nafasi yake ya kupumzika. Kwenye VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha nundu injini ikiwa inazunguka, kuna nundu za mwendo wa chini na ya mwendo wa juu kwa kila jozi ya valvu. Pima kila moja peke yake.

Hatua ya 8: Tumia ulichokipata kabla ya kuiwasha

Andika vipimo vyote kwenye kibandiko kigumu na ukibandike mahali penye baridi ndani ya boneti. Kisha rudi kwenye springi: valvu ikiwa wazi kabisa, baki na angalau mm 1.5 kabla ya koili kugusana.

Kwa tapeti ngumu, nafasi ya roka usiyoijua unaweza kuikadiria kutokana na mteremko wa mwanzo wa nundu. Zungusha taratibu na uone geji inapanda kiasi gani kabla ya kuanza kukimbia. Zidisha kiasi hicho kwa uwiano wa roka. Nafasi isizidi hapo, kwa sababu ikizidi tapeti itaruka mteremko na kuanza kugonga nundu.

Mwisho pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Weka springi laini, tapeti ngumu, na daili geji kwenye valvu. Valvu ya kuingiza ipimwe karibu digrii 10 baada ya topu ya mwingiliano (ile ambayo valvu zote mbili ziko wazi), ya kutoa karibu digrii 10 kabla yake, kwa kuisukuma valvu kwa kidole hadi iguse pistoni. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni mm 2 kwa kuingiza na mm 2.5 kwa kutoa. Ukipata pungufu ya hapo upande wa kuingiza, jaribu kuchelewesha kemshafti digrii chache na upime pande zote mbili upya. Ikiwa bado haitoshi, pistoni zitoke zichongwe mifuko ya valvu.